Mashine ya NMR, walimu wapya, au kemia ya mwaka wa kwanza? Jibu kwa mhadhiri aliyekabidhiwa ruzuku

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nafundisha kemia kwenye chuo kikuu kimoja cha kihistoria cha Weusi kusini mwa Marekani, mwaka wangu wa sita huu. Mwezi uliopita nimekabidhiwa kusimamia shughuli ya idara yetu kwenye ile ruzuku ya serikali kuu ya kuimarisha vyuo hivi: dola 310,000 kwa mwaka, mpango wa miaka 5. Sijawahi kushika pesa ya namna hii. Mkuu wa kitivo anataka tununue mashine ya NMR, ile ya sumaku inayosoma muundo wa molekuli, kwa sababu chuo cha jirani wanayo na wageni wakija huonyeshwa. Mimi naona tatizo letu ni kemia ya mwaka wa kwanza: mwaka jana walioianza ni 240, na 101 kati yao walipata D au F au walijitoa katikati. Mwenzangu mmoja anasema pesa zote ziende kwenye mishahara, tuajiri walimu wawili. Mwingine anasema tusiwe na haraka, tubane, kitakachobaki tutakikuta mwakani. Halafu kuna jambo linaninyima usingizi: nimepewa karatasi ya kusaini kwamba nusu ya muda wangu ni wa ruzuku hii, na huku bado nina madarasa 4 yale yale. Na kusema kweli kuna aibu naisikia. Nimetoka nchi ambako kila mradi una bango la mfadhili, mfadhili akiondoka bango linabaki na kutu. Sitaki kuja kufanya hivyo hivyo huku. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakupa pole na hongera kwa pamoja, maana kukabidhiwa pesa ya watu ni mzigo na ni heshima. Nimesoma barua yako mara tatu. Umeuliza ununue nini, umeuliza nini kitabaki miaka 5 ikiisha, na katikati hapo umechomeka habari ya karatasi. Nimefanya kazi kwenye ofisi za ruzuku za vyuo viwili vya namna hii kwa miaka 19, na nitaanza na karatasi, kwa sababu hayo mengine yanaweza kusubiri wiki moja na karatasi haiwezi.

Usiisaini kama ilivyo. Serikali kuu inapolipa nusu ya mshahara wako inanunua nusu ya kazi yako, na karatasi ile ndiyo risiti. Ikiwa mzigo kamili wa mwalimu pale kwenu ni madarasa 4 na wewe bado unafundisha yote 4, basi hiyo nusu iliyouzwa haipo. Mkaguzi hahitaji ujanja kuliona hilo: anashika ratiba ya muhula mkono mmoja na karatasi yako mkono wa pili, dakika mbili amemaliza. Kinachofuata ni chuo kurudisha pesa hizo kutoka mfukoni mwake, na jina lililo chini ya karatasi ni lako. Ikidhihirika kwamba mtu alisaini akijua si kweli, iko sheria ya madai ya uongo dhidi ya serikali, ya tangu mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, iliyotungwa kuwabana wafanyabiashara waliokuwa wakiliuzia jeshi bidhaa mbovu. Ni ya zamani, lakini meno yake hayajang'oka.

Sitaki uogope kupita kiasi, wala umdhanie mkuu wako mabaya. Mara nyingi nilizoona mimi hakukuwa na hila: asilimia 50 iliandikwa kwenye maombi miaka miwili nyuma, na anayepanga ratiba hakuambiwa. Dawa ziko mbili. Ama upunguziwe madarasa mawili na mtu mwingine alipwe kuyafundisha, ama asilimia ishushwe ilingane na kazi unayoifanya kweli. Kwa shughuli ya ukubwa huo ningependa uwe na robo ya muda na darasa moja pungufu, kwa barua, kabla muhula haujaanza. Nenda mwenyewe kwa mratibu wa ruzuku hapo chuoni, umebeba ratiba yako. Jambo hili halifai barua pepe. Ukiona bado unasukumwa usaini vivyo hivyo, panda kwa mkaguzi wa ndani. Na kama kibali chako cha kazi kinashikiliwa na chuo hicho, kaa kwanza na mwanasheria wa nje, ana kwa ana, umweleze yote.

Sasa hiyo aibu. Naielewa, bango lenye kutu hata mimi nimelipita nikienda shule. Lakini umefananisha vitu viwili ambavyo havifanani. Fungua Sura ya III, Sehemu B, ya Sheria ya Elimu ya Juu, ile ambayo pale kwenu kila mtu huiita Title III. Sheria ni ya mwaka 1965, sehemu hii iliingizwa mwaka 1986, na mwanzoni mwake Bunge la Marekani linakiri kwa maandishi kwamba majimbo na serikali kuu zilibagua katika kuvigawia ardhi na fedha vyuo vya umma vya Weusi chini ya Sheria ya Morrill ya 1862, iliyowapa majimbo ardhi ya kuanzishia vyuo, na zilizoifuata. Mfadhili haandiki hivyo. Anayeandika hivyo ni mdaiwa.

Na deni lenyewe halijaisha. Septemba 2023 mawaziri wawili, Miguel Cardona wa Elimu na Tom Vilsack wa Kilimo, waliwaandikia magavana wa majimbo 16 kuwaonyesha pengo la zaidi ya dola bilioni 12, lililojengeka kwa miaka 30 na ushei, kati ya kile vyuo vya ardhi vya Weusi, yaani vilivyotokana na sheria hizo za Morrill, vilichopewa na kile ambacho vingepata kama mwanafunzi wao angehesabiwa sawa na mwanafunzi wa chuo cha ardhi cha Weupe katika jimbo hilo hilo. Chuo Kikuu cha Tennessee State peke yake kilionekana kupunjwa dola bilioni 2.1. Kule Maryland watu walikwenda mahakamani mwaka 2006 kutetea vyuo vinne vya Weusi, Morgan, Bowie, Coppin na Eastern Shore, na ilikuwa 2021 ndipo jimbo lilipokubali kutoa dola milioni 577. Miaka 15 ya kesi! Kwa hiyo usikae mbele ya bajeti ukiwa umeinamisha kichwa. Wala usijione mgeni mno kwenye habari hii: Mkenya Mbiyu Koinange alitoka Kiambu akafika Hampton, chuo cha Weusi kule Virginia, mwaka 1927, akala meza moja na watoto wa watu ambao deni hili ni lao.

Lakini bango la kutu linaweza kutokea hata kwa pesa ya haki, na hapo ndipo hofu yako ina maana. Twende kwenye namna pesa inavyofika, kwa sababu wasimamizi wengi huipokea bila kujua imekokotolewaje.

Fungu la kila chuo hupatikana kwa kanuni iliyomo kwenye sheria. Nusu ya pesa zote hugawanywa kwa kuangalia chuo kina wanafunzi wangapi wanaopata Pell, yaani msaada wa karo kwa wenye kipato kidogo. Robo hugawanywa kwa idadi ya wahitimu. Robo ya mwisho huangalia ni wahitimu wangapi, ndani ya miaka 5, wameendelea na shahada za juu au za kitaaluma katika fani ambazo Weusi ni wachache. Kemia imo, udaktari umo, uhandisi umo. Sasa rudi kwa wale 101. Kila mmoja anayekata tamaa muhula wa kwanza akaenda zake nyumbani anapungua mara tatu: hahesabiwi tena kwenye Pell, hatahesabiwa kwenye wahitimu, na hatafika shule ya udaktari. Darasa lako la mwaka wa kwanza lipo kwenye mzizi wa fungu la chuo kizima. Mwambie mkuu wa kitivo neno hilo, taratibu, mkiwa wawili.

Yule mwenzako wa kubana naye anastahili jibu. Mpango ni wa miaka 5 lakini pesa hutolewa mwaka kwa mwaka, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Septemba. Salio linaweza kuvushwa, ndiyo, ila likiwa kubwa Wizara ya Elimu huuliza, na ina haki ya kuuliza: kama hamkuzihitaji mbona mliziomba? Pesa inayolala haionyeshi uangalifu. Inaonyesha kazi haikufanyika. Na ubaya wake mkubwa huja Agosti, watu wanapozinduka na kuanza kununua chochote.

Chuo kimoja nilichokifanyia kazi, ambacho sitakitaja, kilikuwa na stoo chini ya ngazi za jengo la sayansi. Nilikwenda na ufunguo siku moja kuhesabu vifaa kabla ya ukaguzi. Nikakuta sanduku la mbao linalonifika kifuani, bado limefungwa mikanda ya chuma, na karatasi ya usafirishaji imeandikwa Septemba, ya miaka mitatu nyuma. Ndani yake mlikuwa na spektromita iliyoagizwa siku 9 kabla mwaka haujafungwa. Ilihitaji umeme wa volti 208, na chumba ilichopangiwa kilikuwa na soketi za 120 tupu. Dhamana ilikwisha kabla mtu hajakata mkanda wa kwanza. Mwalimu aliyeiomba alikuwa ameshahama. Nilikaa juu ya ngazi nikaiandika kwenye orodha: hali yake, mpya. Mpaka leo neno hilo linaniuma.

Ndiyo maana mashine ya NMR naiogopa kwa niaba yako. Siikatai kwa sababu ni ya kifahari. Mkemia bila NMR ni kama fundi seremala bila futi. Ila hesabu vizuri. Ile kubwa ya sumaku baridi inagharimu mamia ya maelfu ya dola, kwa hiyo itameza mwaka mzima wa fungu lako au zaidi. Kisha itataka nitrojeni ya kimiminika mara kwa mara, na heliamu ya kimiminika kila baada ya miezi kadhaa, za kuipoza sumaku. Heliamu ikikosekana sumaku inapoteza nguvu yake yote kwa mkupuo, na kuirudisha ni gharama nyingine. Itataka mkataba wa matengenezo wa kila mwaka na mtu anayeijua. Hayo yote mwaka wa 6 atayalipa nani? Na watakaoigusa ni wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne, yaani wale waliookoka. Wale 101 hawataiona kamwe.

Zipo njia za kumridhisha mkuu wako bila kuliua fungu. Ile sheria inataja wazi matumizi ya pamoja ya maabara na maktaba kama kazi halali ya pesa hizi. Jirani anayo? Basi andikeni makubaliano, mlipie saa, mnunue nafasi ya gari la kuwapeleka wanafunzi kila wiki. Au mnunue ile NMR ndogo ya mezani, ya sumaku ya kudumu, isiyotaka heliamu hata tone. Bei yake ni ya chini sana, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuishika kwa mikono yake. Kubwa iombeeni Shirika la Taifa la Sayansi, NSF, ambalo lina mfuko maalum wa vifaa vikubwa vya utafiti, na tangu 1998 lina programu ya vyuo hivi hivi vya Weusi kwa ajili ya masomo ya sayansi. Pesa ya kifaa iombwe palipo na pesa ya kifaa.

Kuna hali moja ambayo ningekuruhusu ununue. Septemba 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza nyongeza ya mara moja ya dola milioni 495 kwa vyuo vya Weusi na vyuo vya makabila asilia. Muulize mratibu kama sehemu ya fungu lenu inatoka huko. Pesa ya namna hiyo ni mvua ya vuli: inyeshapo usipande mnazi. Nunua kifaa, tengeneza mfumo wa hewa wa maabara, badilisha mabomba yanayovuja, na usiweke ndani yake mshahara wa mtu hata mmoja.

Walimu wawili wapya je? Hapa mwenzako ana hoja, na ametegwa na jambo ambalo limewanasa wengi. Pesa hizi ni za kuongeza juu ya kile ambacho chuo kingefanya chenyewe. Haziruhusiwi kuchukua nafasi yake. Mfano: mwalimu aliyelipwa na chuo mwaka jana, mwaka huu anahamishiwa kwenye ruzuku, na mshahara wake wa zamani chuo kinautumia kutengeneza paa. Hilo ni kosa, hata kama paa lilikuwa linavuja kweli. Mwalimu mpya kwa kazi mpya anaruhusiwa. Lakini ukimwajiri bila kupanga mwaka wa 6, umemkaribisha mtu na watoto wake wahamie mji mgeni, kisha umwambie mkataba umekwisha. Nimewahi kukaa ofisini na dada mmoja siku alipopewa barua hiyo. Alikuwa ameshaandikisha mwanawe darasa la kwanza.

Ukitaka mtu, chukua mmoja, na kabla ya kutangaza nafasi pata barua yenye saini ya naibu mkuu wa taaluma na ya mkurugenzi wa fedha: mwaka wa 1 na wa 2 ruzuku inalipa yote, wa 3 chuo kinabeba robo, wa 4 nusu, wa 5 robo tatu, wa 6 mtu ni wa chuo. Wakikataa kusaini, umepata jibu lako mapema, na hakuna aliyeumia.

Nikigeukia kemia ya mwaka wa kwanza, nataka nianze kwa kukuondolea wazo moja ambalo hukuliandika lakini nahisi linazunguka kwenye vikao vyenu: kwamba watoto hawa wanakuja dhaifu, au hawasomi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kwenye Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanahisabati Uri Treisman alijiuliza kwa nini wanafunzi Weusi waliokuwa na alama nzuri walikuwa wakianguka kwenye kalkulasi, hesabu ya mwaka wa kwanza. Aliwafuata hadi wanakoishi. Akaona wanasoma, tena saa nyingi, lakini kila mtu peke yake chumbani. Wenzao wa asili ya Kichina walikuwa wakikaa kundi, wakikosoana, wakijua mapema nani amekwama wapi. Treisman akaanzisha warsha za maswali magumu yanayofanywa kwa makundi, magumu kwa makusudi, wala hazikuwa madarasa ya kurudia yaliyo rahisi, na alama za walioingia zikapanda. Chuo Kikuu cha Xavier cha Louisiana, chenye wanafunzi elfu 3 hivi, kimekuwa miongo mingi mstari wa mbele nchini kwa kutoa Weusi wanaomaliza udaktari wa tiba. Huko walimu wa kemia walikubaliana kitu ambacho wahadhiri huwa hawakipendi: kufundisha mikondo yote ya somo kwa mpangilio mmoja na kitabu kimoja cha mazoezi walichokiandika wenyewe, mitihani midogo ya mara kwa mara, na wanafunzi kusoma kwa makundi. Mengi ya hayo hayahitaji mashine. Yanahitaji saa za watu, na saa za watu ndicho kitu ambacho ruzuku hununua vizuri kuliko vyote.

Nikuonyeshe inavyokuwa. Jumanne usiku, chumba chenye ubao wa pande mbili, wanafunzi 10 na kiongozi wao, binti wa mwaka wa tatu. Swali: mililita 250 za maji ya chumvi, nusu moli (kipimo cha wakemia cha kiasi cha kitu) kwa lita, zina moli ngapi? Kijana mmoja amezidisha 0.5 kwa 250, ameandika 125, ameweka kalamu chini. Binti hamwambii amekosea. Anamuuliza, moli 125 za chumvi ya mezani zina uzito gani? Kijana anazidisha kwa 58.5. Gramu 7,300. Kimya. Mwenzake wa pembeni anasema, hiyo si zaidi ya kilo 7 za chumvi kwenye kikombe kimoja? Kicheko, kalamu inarudi mkononi, na mililita zinageuzwa kuwa lita bila mtu kuambiwa. Gramu 7 na kidogo. Yule kijana hakukosa kemia. Alikosa mahali pa kukosea bila aibu, kabla ya siku ya mtihani.

Hesabu yake hii hapa, ili uwe nayo mkononi utakapokwenda kwa mkurugenzi wa fedha. Wanafunzi 240 ni makundi 24. Viongozi 12, kila mmoja makundi mawili, saa 8 kwa wiki pamoja na maandalizi na mafunzo yao, wiki 28 kwa mwaka, dola 15 kwa saa: dola 40,320. Ongeza muda wa walimu wawili kuandika kitabu cha mazoezi, wiki mbili za aljebra kabla ya muhula kwa wanaoihitaji, na mratibu wa kuviendesha vyote. Huko ndiko sehemu kubwa ya 310,000 ingekwenda, na vifaa vya kawaida vya maabara ya mwaka wa kwanza vikachukua kinachobaki. Sasa tuseme 101 inashuka hadi 72, ambayo ni asilimia 30 ya darasa. Tuseme tena, kwa uangalifu, kwamba kati ya hao 29 waliookolewa, 15 wangeacha chuo na sasa wamebaki. Kama karo ni dola 9,000 kwa mwaka, hiyo ni 135,000. Weka karo ya kwenu, uone. Kazi ngumu ya kuandika kitabu na kujenga utaratibu itakuwa imekwisha ndani ya miaka 5; kitakachobaki kulipwa mwaka wa 6 ni viongozi, na mratibu kama mmemvusha kwa ile ngazi ya barua. Viongozi wenyewe chuo kitawalipa kwa chini ya theluthi ya kile wanachokiokoa.

Ningependa uwe mkweli wa kupindukia kwenye vipimo. Chukua takwimu za miaka mitatu iliyopita sasa hivi, kabla hujaanza, kwa kila mkondo wa darasa. Tumia mtihani mmoja wa mwisho kwa wote. Kuna idara iliwahi kupunguza walioanguka kwa kulegeza alama tu. Wakafika kemia ya kaboni mwaka wa pili wakaanguka kwa pamoja, na safari hii kwa karo ya mwaka mzima zaidi. Fuata watu wako mpaka darasa linalofuata. Na mwaka wa kwanza usishangae namba zikitikisika kidogo tu. Viongozi wapya wanajifunza, walimu wawili watagoma kimoyomoyo, na kitabu kitakuwa na makosa.

Kuna jambo lingine ambalo si lako kuliamua lakini ujue lipo. Sheria inaruhusu chuo kuweka hadi asilimia 20 ya ruzuku hii kwenye mfuko wa wakfu, mradi kitafute kiasi kilekile kutoka kwingine kisicho cha serikali kuu. Pesa ya wakfu haina mwaka wa 6. Prairie View A&M kule Texas, mwaka 2020, chini ya rais wake wa wakati huo, Ruth Simmons, kilipata dola milioni 50 kutoka kwa tajiri MacKenzie Scott bila masharti; milioni 10 zikatengwa kwa wanafunzi walioyumbishwa na korona, na sehemu kubwa ikaenda kwenye wakfu. Wewe huna pesa ya bure ya namna hiyo, yako ina kamba. Lakini kama idara ina wahitimu madaktari waliopita kwenye kemia yenu, mratibu wako atafurahi kusikia majina yao.

Nikiri pia upande mwingine. Mwaka 2025 ruzuku nyingi za utafiti za NSF na za taasisi za afya zilikatwa katikati ya safari, vyuo vya kila aina. Fungu la Title III limesimama kwenye kanuni ya sheria, na tangu Desemba 2019 dola milioni 85 kwa mwaka kwa vyuo vya Weusi zimewekwa kisheria kuwa za kudumu, kwa hiyo lina miguu migumu zaidi. Hata hivyo, panga kila mwaka kana kwamba unaofuata unaweza kuchelewa. Kitabu cha mazoezi kikamilike mwaka wa 1, si wa 4.

Ukitaka kubadili kilichoandikwa kwenye mpango, hata kama unaona ni kwa nia njema, usibadilishe kwanza ukaomba radhi baadaye. Pitia kwa mratibu, naye anaye ofisa wa programu Washington ambaye kazi yake ni kujibu maswali kama hayo kabla pesa haijatoka. Waombe wakae nawe saa moja na maombi ya awali mezani, ukurasa kwa ukurasa, maana unachoruhusiwa kufanya kimefungwa na kile chuo kilichoahidi. Kama NMR kubwa iliandikwa humo tayari, ni mazungumzo tofauti, na yaanze mapema.

Jumatatu, basi, nenda na ratiba yako kwa mratibu. Jumanne omba kwa msajili alama za miaka mitatu. Halafu tafuta wanafunzi watano kati ya wale 101 ambao bado wapo chuoni, uwanunulie chakula cha mchana, uwaulize walikwama wiki ya ngapi. Muhula wa kwanza ukiisha niandikie, uniambie 101 imekuwa ngapi.